Alipomwona, Akakaribia

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Katika mfano wa Msamaria mwema kuna neno ambalo miaka yote nimekuwa nikilipita haraka. Kuhani alimwona yule majeruhi. Mlawi naye alimwona. Msamaria pia alimwona. Wote watatu macho yao yalikuwa mazima. Njia zao zinaachana baada ya hapo: wawili walipita kando, mmoja "alimhurumia, akakaribia" (Lk 10:31-34).

Nimekaa na neno hilo wiki nzima nikimkumbuka padre wa Ubelgiji, Joseph Cardijn, mwanzilishi wa JOC, chama cha vijana wafanyakazi Wakristo. Wenzetu wa VIWAWA, vijana Wakatoliki wafanyakazi, wanaposema "ona, amua, tenda", wanatumia njia aliyowafundisha yeye.

Alizaliwa mwaka 1882 huko Schaerbeek, Brussels, akakulia mji mdogo wa Halle. Nyumbani hawakuwa watu wa fedha. Yeye alipokwenda seminari, rafiki zake wa shule waliingia viwandani. Likizo ikifika alirudi nyumbani akiwa na hamu ya kuwaona, lakini walimkwepa. Wengi walikuwa wameacha kusali, na machoni mwao kijana wa seminari alishahamia upande wa matajiri. Fikiria: umecheza na mtu tangu utoto, leo mnakutana njiani anageuza uso. Wengine tungesema, "Wameharibika hao," tukaendelea na safari. Cardijn jambo hilo lilimchoma, naye hakukubali lipoe. Mwaka 1903, kando ya kitanda cha baba yake aliyekuwa akifa, aliahidi kuyatoa maisha yake yote kwa ajili ya wafanyakazi. Baba huyo ndiye aliyeendelea kumenyeka ili mwanawe asome. Mimi naona upadre wake ulianzia pale kitandani, ingawa daraja alipewa mwaka 1906.

Mwaka 1912 alitumwa parokia ya Laeken, Brussels. Akaanza na wasichana waliokuwa wakishona kwa ujira mdogo. Kabla ya kuwahubiria aliwauliza: mnaanza kazi saa ngapi? Mnalipwa kiasi gani? Nani anawatendea vibaya? Kisha akawarudishia kazi: nendeni mkawaulize wenzenu, mje mtueleze, tulitazame jambo hilo kwa mwanga wa Injili, halafu tupange la kufanya. Aliamini kwamba mtume wa mfanyakazi ni mfanyakazi mwenzake. Si padre kumfanyia kila kitu, wala bwana mwenye huruma kumpa sadaka.

Wapo waliomwogopa. Askofu wake mkuu, Kardinali Mercier, alisita. Cardijn akaenda Roma mwaka 1925 kumwona Papa Pius XI, na Papa akambariki pamoja na kazi yake. Lakini msalaba haukumwacha. Wajerumani walishamfunga katika vita vya kwanza, wakamfunga tena katika vita vya pili. Walei wawili, yaani waumini wasio mapadre, walioanza naye, Fernand Tonnet na Paul Garcet, walifia katika Dachau, kambi ya mateso ya Wanazi huko Ujerumani, mwaka 1945. Tukisema "utume wa walei" tuwakumbuke hao.

Mwaka 1961 Papa Yohane XXIII aliiandika njia ile ya hatua tatu katika waraka wake Mater et Magistra. Mwaka 1965 Paulo VI akamfanya Cardijn kardinali, akiwa na miaka 82. Alifariki mwaka 1967, akazikwa kanisani Laeken, palepale alipoanza na wale washonaji.

Sasa niseme la kwangu. Jumuiya yetu husali Jumamosi asubuhi, nyumba kwa nyumba. Juzi zamu ilikuwa kwangu. Dada anayetusaidia kazi za nyumbani alipanga viti, akatandika kitambaa mezani, akawasha mshumaa. Msomaji aliposimama kusoma Injili, dada alirudi jikoni kutazama chai. Tukatafakari habari ya jirani kwa nusu saa. Nilisikia vikombe vikigongana nyuma ya ukuta, na hata hapo sikuelewa. Ana miaka 19, amebatizwa, na mwaka wa pili huu anaishi chini ya paa langu. Nimemwona kila siku.

Jioni nilimketisha, nikamuuliza maswali ya Padre Cardijn. Unalala saa ngapi? Mshahara unakutosha? Misa ya Jumapili unaipata? Majibu yake yalinitia aibu, na mambo mawili tumeyabadilisha tayari.

Jumamosi hii tunasali tena hapa, niliomba zamu irudiwe. Chai itachemshwa alfajiri iwekwe kwenye chupa. Injili atasoma yeye. Anasema anaogopa majina, kwa hiyo jana usiku tukimenya ndizi tuliyatamka pamoja, taratibu: Yerusalemu, Yeriko, Mlawi, Msamaria.