Mabaka yangu, uvimbe wa wakwe zangu

Ukoo nilioolewa, kule Kibosho, una watu wanaovimba. Hawavimbi wote, ila hakuna kizazi kinachokosa. Mimi nami natoka mabaka yanayowasha tangu sijaolewa, kwa hiyo siku walipoyaona mikononi mwangu walifurahi kana kwamba nimeleta cheti cha undugu: “Kumbe na wewe una aleji yetu!” Sina aleji yao. Nafundisha baiolojia kidato cha tano na cha sita hapa Moshi, na hili la kurundika kila kinachovimba kwenye kapu moja la “aleji” limeshaudhuru huu ukoo vya kutosha.

Nianze na langu, maana ndilo jepesi.

Mabaka yangu yanainuka mekundu, katikati yamepauka, yanawasha hadi kalamu inanidondoka darasani. Usiku mmoja nilizungushia moja la pajani kwa wino, nikaandika na saa pembeni. Asubuhi duara la wino lipo, ndani yake ngozi ni laini kama haijawahi kuguswa, na baka jingine limeshaota begani. Ndiyo tabia yake: baka moja kwa kawaida halimalizi saa 24 mahali pamoja, yanahama tu. Yakiendelea kutoka kwa zaidi ya wiki 6, madaktari wanayaita sugu. Moshi tuna bahati upande huu, kwa sababu kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kipo pale hospitali ya rufaa ya KCMC tangu 1992, hivyo daktari wa ngozi si mtu wa kumsikia redioni tu.

Kinachofanya kazi hapo ni seli masti, seli za kinga zilizojaa kwenye ngozi. Paul Ehrlich alizieleza mwaka 1878, kijana wa miaka 24, kwa kuzipaka rangi na kuziangalia kwa hadubini. Ndani zina chembechembe zilizobeba histamini, kemikali inayoleta mwasho na uvimbe, na nje zina vipokezi vilivyoshika kingamwili aina ya IgE. Kwa mtu mwenye aleji ya karanga, protini ya karanga inazikamata IgE mbili zilizo jirani na kuziunganisha, na seli inamwaga histamini yake ndani ya dakika chache. Kwangu karanga haihusiki. Kwa wengi wenye mabaka sugu ni mwili wenyewe unaojichokoza. Kuna wanaotengeneza kingamwili dhidi ya vile vipokezi au dhidi ya IgE, na kuna ambao IgE yao inashambulia protini za mwili wao, kwa mfano za tezi ya thairoidi. Histamini ikishatoka, mishipa midogo ya damu inapanuka, kuta zake zinavujisha majimaji, na neva za mwasho zinaamka.

Ndiyo maana orodha ya vyakula niliyopewa na majirani (mayai, samaki, nyanya, maharage, hata parachichi) haikunishughulisha. Ningeifuata yote ningebaki na ugali na chumvi. Ninachokikwepa kweli ni diklofenaki, ile diklopa ya kila duka, kwa sababu dawa za maumivu za kundi hilo huyachochea mabaka kwa baadhi yetu. Dawa yangu ni setirizini, kila siku, yawashe yasiwashe. Daktari anaweza kuipandisha hadi mara nne ya dozi ya kawaida kabla hajafikiria sindano ya omalizumabu, inayoinasa IgE kabla haijafika kwenye seli. Piriton nayo inazuia histamini, lakini inaingia hadi kwenye ubongo, na mwalimu anayesinzia juu ya madaftari ni kichekesho cha wiki nzima.

Sasa twende kwa wakwe.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, akivimba haumwoni akijikuna. Mkono unajaa taratibu, saa baada ya saa, ngozi inakaza inang'aa, vidole havikunjiki, pete lazima ikatwe. Hana baka hata moja. Siku 3 au 4 unabaki hivyo, kisha unanywea wenyewe. Na uvimbe hauji mikononi tu. Alipokuwa sekondari ulimshika tumboni: utumbo ukavimba kwa ndani, akawa anatapika na kujikunja kwa maumivu, hospitali fulani wakampasua wakitafuta kidole tumbo kilichooza. Kidole tumbo kilikuwa kizima. Waliandika “aleji”, wakampa sindano za aleji kwa miaka, na hazikumfanyia kitu. Baba mkwe, ambaye sikumkuta, aling'olewa jino mchana na usiku koo likaziba. Msibani yalisemwa mengi, na mengi yalielekezwa kwa jirani waliyegombania mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo. Mama mkwe hadi leo hasalimiani na ile nyumba.

Huu ni uvimbe wa kurithi (kwa Kiingereza hereditary angioedema), na hapa histamini haipo. Mhusika ni bradikinini, kipande kidogo cha protini chenye asidi amino 9 tu. Waliitangaza Wabrazili mwaka 1949, Maurício Rocha e Silva na wenzake, walipochanganya sumu ya nyoka jararaca na damu ya mbwa na kuona kimetokea kitu kinachoshusha presha. Kila mmoja wetu anaitengeneza. Katika damu kuna kimeng'enya (protini inayokata au kubadilisha nyingine) kinachoitwa faktori XII. Kikiamka kinakiamsha kingine, kalikreini, na kalikreini inakata bradikinini kutoka kwenye protini kubwa iitwayo kininojeni. Bradikinini inashika kipokezi chake, B2, kwenye ukuta wa mshipa, na ukuta unaachia majimaji yajae chini kabisa ya ngozi au kwenye kuta za utumbo.

Mnyororo huo una breki: protini inayoitwa kizuizi cha C1. Inafanya kazi kama mtego wa panya. Inatega kitanzi chake, kalikreini inakuja kukikata, mtego unafyatuka na vyote viwili vinaishia hapo. Kizuizi kimoja kinakwenda na kimeng'enya kimoja, hakitumiki tena. Sehemu hii naipenda kuliko zote, kwa sababu inajibu swali ambalo wanafunzi wangu wakali huwa wanalileta: kama mgonjwa amerithi nakala moja tu mbovu ya jeni, mbona haishii kuwa na nusu ya protini? Jeni yenyewe ni SERPING1, kromosomu ya 11, na wagonjwa wengi wanakutwa na asilimia 5 hadi 30 tu ya kiwango cha kawaida. Sababu moja ni hiyo: nakala nzima inazalisha nusu, lakini breki zikipungua vimeng'enya vinaamka zaidi na kuzila hata hizo zilizopo. Nyingine ni kwamba baadhi ya protini mbovu zinaikwamisha ile nzima ndani ya seli isitoke. Kasoro ya kizuizi hiki waliifichua Donaldson na Evans mwaka 1963. Takribani mgonjwa 1 kati ya 7 ana protini ya kutosha kabisa kwa kipimo, ila haifanyi kazi, kwa hiyo kupima wingi peke yake hakutoshi.

Kipimo cha kuanzia ni C4, protini nyingine ya kinga ambayo C1, kimeng'enya kilichokipa kizuizi chetu jina, huikata ovyo ikikosa mdhibiti. Kwa wagonjwa karibu wote iko chini, hata siku hawajavimba. Ya shemeji ilisafirishwa Nairobi na ikarudi iko chini mno. Ya mume wangu ilirudi ya kawaida, na jioni hiyo nililala usingizi wa ajabu, kwa sababu kama hana jeni hiyo, wanangu hawawezi kuirithi kwake. Mwenye nayo, kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu, wa kike na wa kiume sawa.

Majibu hayo yalimfungua macho na wifi yangu. Yeye alikuwa anavimba mara chache tangu utotoni, akaanza vidonge vya majira vyenye estrojeni, akawa haipiti wiki. Estrojeni inaongeza faktori XII na kuuchochea mnyororo wote. Alibadilishiwa njia ya uzazi wa mpango, akatulia.

Dawa mahususi za uvimbe huu zipo: kizuizi chenyewe kilichochujwa kutoka plazma ya wachangia damu, au ikatibanti, sindano ya chini ya ngozi inayokifunga kipokezi B2. Bei yake sitaki hata kuitaja kwa mtu anayeuza kahawa ya kihamba. Shemeji anameza asidi ya traneksamiki, na anatembea na barua ya daktari kwenye pochi, imelaminishwa, inayosema koo likivimba asisubirishwe kwa setirizini, haidrokotisoni na adrenalini peke yake, kwa sababu hazigusi bradikinini, bali njia ya hewa ilindwe mapema na, pasipo dawa mahususi, apewe plazma iliyogandishwa. Kabla ya kung'oa jino lazima daktari wa meno aisome.

Jambo jingine, na hili ni la wazazi wetu wote, si wa Kibosho tu. Kimeng'enya kinachoivunja bradikinini haraka kuliko vyote ndicho kile kile kinachozuiwa na dawa za presha kama enalapril, lisinopril na captopril. (Hizo nazo zilitokana na uchunguzi wa sumu ya yule yule jararaca. Nyoka ana mchango huyu!) Kwa watu wachache wanaozimeza, midomo au ulimi huvimba bila kuwasha, wakati mwingine baada ya miezi au hata miaka ya kuzitumia salama. Bibi akiamka na ulimi umejaa, msimpe Piriton mkakaa kuangalia. Mpelekeni hospitali na pakiti ya dawa zake mkononi. Mwenye uvimbe wa kurithi ndiyo kabisa, asizimeze.

Kwa hiyo mtu akiniambia amevimba, swali langu ni: inawasha? Kuna mabaka? Mimi mwenyewe huwa navimba mdomo, ila unakuja pamoja na mabaka na unasikia setirizini. Huo ni wa histamini. Uvimbe mtupu, usiowasha, unaokaa siku kadhaa, kwa mtu ambaye tumbo humsokota bila sababu na ndugu zake wako hivyo hivyo, huo ombeni C4.

Wifi amejifungua mwezi wa tano. Mama mkwe anataka mtoto apimwe leo, lakini C4 ya mtoto mchanga iko chini kwa asili na inadanganya, hivyo tumekubaliana tusubiri atimize mwaka, kisha arudiwe kupimwa tukipata shaka. “Na hivyo vipele vyako, mwalimu, umewarithisha wajukuu zangu?” Nimemwambia mabaka kama yangu hayarithiwi hivyo, mama. Amenitazama tu, akaendelea kumenya ndizi za mtori.