Kijana Aliyeshushwa Manyoni

Nilikuwa natoka Tabora kurudi nyumbani Dodoma, na kiti cha dirishani kando yangu alikaa kijana mpole mwenye lafudhi ya Kivu, mashariki mwa Kongo, aliyeniambia, baada ya kupokea karanga zangu, kwamba alizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Tulipofika Manyoni, afisa alipanda kukagua vitambulisho, na kijana akatoa mfuko wa nailoni, akaukunjua taratibu, akakabidhi cheti cha sekondari kilichoandikwa kwa Kifaransa. Aliulizwa kibali cha kutoka kambini. Hakuwa nacho, akashushwa. Abiria wa nyuma yetu akasema kwa sauti: "Sasa huyu anakimbia nini tena, na huku kuna amani?"

Swali hilo si la kipuuzi, ingawa nadhani linaitazama amani kwa jicho moja tu. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi akae katika eneo alilopangiwa, asitoke bila kibali. Hapigwi risasi, ni kweli. Hata hivyo anaishi kwa mgao wa chakula unaopungua kila wafadhili wanapolegea, hawezi kukifuata kibarua mjini, na tumaini la kupelekwa nchi ya tatu ni dogo mno, kwa kuwa kila mwaka ni chini ya asilimia 1 ya wakimbizi duniani wanaoipata nafasi hiyo. Mwenye cheti mfukoni atasubiri hadi lini?

Nikitafuta mfano wa kinyume siendi mbali. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa mashamba Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakalima, wakauza mazao yao; na walipoulizwa, miaka 35 baadaye, kama wanataka kurudi Burundi au kuomba uraia wa Tanzania, takribani asilimia 80 walichagua kubaki.

Wasiokuwa na shamba wala kibali huangukia mikononi mwa mawakala wa njia za panya, na sisi wa Dodoma tunajua njia hizo zinavyoishia: mwaka 2012 wahamiaji wa Ethiopia zaidi ya 40, waliokuwa wakisafirishwa kwenda kusini, walifia ndani ya lori na miili yao ikatupwa porini mkoani kwetu.

Basi liliondoka Manyoni bila kijana yule. Kabla hatujafika Bahi, abiria wa nyuma alikuwa ameshahamia dirishani.