Kebo ilikuwa kwenye tundu lisilo lake

Nyumba ya wageni ya shemeji ina ghorofa, na waifai ya chini haikufika juu. Nikavuta kebo ya mita 30 kutoka ruta ya chini (kifaa kinachosambaza intaneti) hadi juu, kwenye ruta ya zamani iliyokuwa kabatini. Simu zikaonyesha mawimbi yamejaa, intaneti hakuna! Printa ya mapokezi nayo haikuonekana kutoka juu.

Kumbe ruta zote mbili zilijiita 192.168.1.1, anwani ileile ya mtandao, na zote zikigawa anwani kwa vifaa. Ya juu nikaizima DHCP, yaani kazi hiyo ya kugawa anwani, nikaipa 192.168.1.2, kisha nikachomoa kebo kwenye tundu la WAN (la intaneti ya kutoka nje), lile la buluu, nikaichomeka kwenye LAN (la vifaa vya ndani). Jina na neno la siri nikaweka yaleyale; chaneli (njia ya mawimbi ya waifai) chini 1, juu 11.

Shemeji akapanda ngazi akiongea kwa video. Ikasita kidogo, ikaendelea. Siku mbili nzima, tundu moja!