Kampuni ndiyo mpangaji: nilivyoshughulikia dhamana binafsi kwenye mkataba wa pango

Kila mtu anayefungua kampuni na kutafuta ofisi hufika kwenye swali hili: kampuni ikishindwa kulipa kodi, mimi mkurugenzi nitadaiwa? Kwa nchi zinazofuata misingi ya sheria ya Kiingereza, jibu ni fupi. Kampuni iliyosajiliwa ni mtu mbele ya sheria. Inapanga kwa jina lake, inadaiwa kwa jina lake, na mkurugenzi aliyeisainia hafungwi na mkataba huo. Ila jibu hilo linahusu mkataba wenyewe tu. Mwenye jengo aliyekwisha kuachiwa deni na kampuni tupu haishii kwenye mkataba. Anaambatanisha karatasi nyingine, na humo ndimo mkurugenzi anamoingia kwa jina lake na mali yake. Nililiona hilo kwa karibu kampuni yetu ya uchapaji ilipopanga karakana yake ya kwanza.

Tulikuwa wakurugenzi watatu: mimi, dada aliyeshika hesabu, na kaka aliyejua mitambo. Dalali alitupatia eneo zuri, lenye sakafu imara ya kubeba mashine na umeme wa kutosha. Tatizo ni kwamba cheti cha usajili wa kampuni kilikuwa hakijatoka. Dalali akatuambia, "Ndugu zangu, sainini tu. Andikeni jina la kampuni, mbele yake muweke 'inayosajiliwa'. Cheti kikitoka mtaniletea nakala." Kaka alitaka tukubali, maana kulikuwa na mtu mwingine anayelimezea mate eneo lile.

Nilikataa, na hadi leo nashukuru kwamba wenzangu walinisikiliza. Kampuni isiyosajiliwa haipo, na asiyekuwepo hawezi kuwa na wakala. Mahakama ya Uingereza iliamua hivyo mwaka 1866 katika shauri la Kelner na Baxter: watu waliokuwa wakiandaa kampuni ya hoteli walinunua mvinyo kwa niaba ya kampuni ambayo ilikuwa haijaundwa, mvinyo ukanywewa, kampuni ikaanguka kabla ya kulipa. Deni likawaangukia wao waliosaini. Baadhi ya nchi sasa zinairuhusu kampuni kuridhia mkataba wa namna hiyo baada ya kusajiliwa, lakini ikiwa usajili utakwama au kampuni isiridhie, aliyesaini ndiye anayebaki na mzigo. Kwa pango la miaka kadhaa, huo ni mzigo wa kutisha.

Badala ya kusaini, tulimwomba mzee mwenye jengo atushikie eneo kwa barua. Tuliweka kiasi kidogo cha kuonesha nia, kwa masharti kwamba tutarudishiwa iwapo kampuni haitasajiliwa. Alikubali bila maneno mengi. Dalali ndiye aliyenuna.

Cheti kilipotoka, wakili wa mwenye jengo akatuma rasimu. Tulimtafuta wakili wetu, mama mtu mzima aliyeshughulikia mikataba ya majengo kwa muda mrefu, naye akaanza na jambo ambalo sikulitarajia: alichukua penseli akazungushia duara kila mahali palipotajwa jina la mtu au neno mkurugenzi. Maduara yalikuwa machache, lakini kila moja lilikuwa na hadithi yake.

La kwanza lilikuwa ukurasa wa mbele: kampuni "ikiwakilishwa na" mimi. Hapo hapakuwa na neno. Kuwakilisha si kujifunga.

La pili lilijificha kwenye kifungu cha tafsiri, kile ambacho wengi wetu hukiruka tukiwahi kwenye kodi na muda. Kilisema kwamba neno "Mpangaji" litajumuisha warithi wake katika hati, watu aliowahamishia haki zake na "wakurugenzi wake". Maneno mawili tu. Yangeachwa, kila mahali mkataba uliposema Mpangaji atalipa, Mpangaji atakarabati, Mpangaji atafidia, mwenye jengo angekuwa na hoja ya kusema na sisi tumo. Mama wakili alisema mahakama ingeweza kuikataa tafsiri hiyo, hasa kama tusingesaini kwa majina yetu, lakini hakuona sababu ya kwenda kubishana mahakamani juu ya maneno yanayoweza kufutwa siku hiyo hiyo. Yalifutwa. Wakili wa upande wa pili hata hakuyatetea; inaelekea yalitoka kwenye mkataba wa zamani aliounakili.

La tatu lilikuwa sehemu ya saini. Chini ya mstari mmoja waliandika jina langu na neno "Mpangaji", basi. Hakuna jina la kampuni, hakuna cheo. Tulibadilisha ikasomeka: imesainiwa kwa niaba ya kampuni, jina la kampuni likaandikwa kamili kama lilivyo kwenye cheti, kisha jina langu, kisha cheo changu, Mkurugenzi. Kwa wanaopanga leo nasisitiza hili jina kamili. Kampuni mbili zinaweza kutofautiana kwa neno moja, na saini isiyojulikana ni ya kampuni ipi huzua swali la nani hasa alijifunga.

Duara la nne ndilo lililotuchukulia muda. Nyuma kabisa, baada ya ramani ya eneo na orodha ya vifaa, kulikuwa na hati ya dhamana. Wakurugenzi wote watatu, "kwa pamoja na kila mmoja peke yake", wanamdhamini Mpangaji kwa mambo yote yaliyomo kwenye mkataba, kwa muda wote wa pango na nyongeza yake yoyote, "kama wadaiwa wakuu".

Kaka alishangaa. "Sasa tulisajili kampuni ya nini? Si tuliambiwa dhima yetu ina ukomo?"

Mama wakili akamjibu kwa upole, "Mwanangu, sheria imekupa ukuta. Hii karatasi ni mlango unaoufungua mwenyewe."

Alitueleza shauri la Salomon, ambalo kila mwanafunzi wa sheria ya makampuni huanza nalo. Aron Salomon alikuwa mtengenezaji wa viatu London. Mwaka 1892 aliihamishia biashara yake kampuni ambayo hisa zake 20,001 kati ya 20,007 zilikuwa zake, na sita zilizobaki zilikuwa za mke na watoto wake, moja moja. Kampuni ilipofilisika, mfilisi alidai kwamba hiyo kampuni ni Salomon tu aliyejivika jina jingine, hivyo alipe yeye. Baraza la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lilikuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, lilikataa: kampuni ni mtu mwingine, hata kama mwenye hisa karibu zote ni mmoja. Uamuzi huo bado unasimama. Mahakama huutoboa ukuta huo kwa nadra, kwa mfano pale mtu anapoitumia kampuni kukwepa wajibu aliokuwa nao tayari. Kwa hiyo mwenye jengo anayetaka kumfikia mkurugenzi hategemei kuutoboa. Anaomba dhamana.

Maneno "wadaiwa wakuu" yalinikera zaidi nilipoelewa kazi yake. Mdhamini wa kawaida anasimama nyuma ya mdaiwa. Mdhamini aliyekubali kuwa mdaiwa mkuu anasimama naye sambamba, hivyo mwenye jengo hana haja ya kuanza na kampuni. Na "kila mmoja peke yake" kuna maana kwamba anaweza kumchagua yule mwenye nyumba au akiba, akamdai deni lote. Aliyelipa ana haki ya kuwageukia wenzake wachangie, lakini hilo ni shauri lake jingine na gharama zake nyingine. Zaidi ya hapo, kufilisika kwa kampuni, siku ambayo mkurugenzi anadhani ameponea, ndiyo siku dhamana inapoanza kuuma.

Hatukuikataa dhamana. Nilijiweka upande wa mzee: kampuni mpya haina hesabu za kuonesha, haina mali zaidi ya mashine zenye mkopo, na jengo lake ndiyo pensheni yake. Kumwambia atuamini tu kungekuwa kumvunjia heshima. Tulichofanya ni kumuuliza, kwenye kikao cha ana kwa ana, anaogopa nini hasa. Alitaja mambo mawili. Moja, tuache kulipa na bado tukalie eneo huku yeye akihangaika mahakamani. Pili, tuondoke ghafla, akae na jengo tupu akitafuta mpangaji mwingine. Hakuwa na nia ya kutufuata kwa kodi ya miaka yote iliyobaki. Wakili wake ndiye aliyeandika hivyo kwa sababu ndivyo zinavyoandikwa.

Basi tukaijenga dhamana juu ya hofu zake hizo. Kwa hofu ya pili tuliweka kikomo: kodi ya miezi sita, muda ambao yeye mwenyewe alisema unatosha kumpata mpangaji mpya. Kwa ile ya kwanza niliegemea mtindo uliozoeleka kwenye mapango ya biashara huko New York, Marekani. Humo mdhamini anawajibika kwa kodi hadi siku kampuni inapotoa notisi, inaondoka na kukabidhi eneo likiwa safi pamoja na funguo. Baada ya hapo dhamana yake haiendelei. Mzee aliipenda hoja hii kuliko zote. Mkurugenzi mwenye dhamana ya namna hiyo ana sababu nzuri ya kuondoka kwa amani mambo yakiharibika, na hicho ndicho alichokuwa anakitafuta.

Kugawanya deni kulituletea ubishi. Tulitaka kila mmoja wetu adhamini theluthi moja tu. Wakili wake aling'ang'ania wote kwa pamoja. Dada ndiye aliyelimaliza: alipendekeza tuongeze amana kutoka kwenye akaunti ya kampuni, na kwa kubadilishana na fedha hiyo kila mdhamini abaki na theluthi yake. Fedha mkononi ina nguvu kuliko ahadi, mzee akakubali. Pia tulipata kifungu cha kwamba kampuni ikichelewa kulipa, wadhamini waandikiwe mapema, ili tusije tukakuta deni limekwishavimba. Na tukaweka kwamba miaka miwili ikipita bila malimbikizo, dhamana inakoma yenyewe.

Ombi letu la dhamana ihusu kodi peke yake, bila ukarabati, lilikataliwa. Tuliliacha lipite kwa kuwa kikomo cha miezi sita kilifunika vyote.

Siku ya kusaini tulisaini mara mbili, na tofauti yake niliihisi. Mkataba wa pango nilisaini kama mkurugenzi, tukiwa na azimio la bodi lililoniruhusu. Hati ya dhamana nilisaini kama mimi, bila cheo, na makazi yangu yakaandikwa.

Kabla miaka miwili haijatimia, mambo mawili yalitokea kwa kufuatana. Kaka aliacha ukurugenzi akaenda kufanya shughuli zake. Aliamini kwamba akishajiuzulu na jina lake kuondolewa kwa msajili, na dhamana imekwisha. Haikuwa hivyo. Dhamana aliitoa yeye kama mtu, haikufungwa kwenye cheo. Nilimwandikia mwenye jengo kumwombea hati ya kumwachia, na kwa nafasi yake tukampa mkurugenzi mpya aliyesaini theluthi ile ile. Kaka hakuondoka hadi hati ilipokuwa mkononi mwake, ikiwa na saini ya mzee. Simu na ahadi ya mdomo tulizikataa kwa adabu.

La pili, tulirudisha chumba kimoja cha stoo na kodi ikapunguzwa. Nilidhani barua fupi baina ya kampuni na mzee ingetosha, lakini wakili wake akataka wadhamini nao wasaini mabadiliko. Mama wakili akacheka akasema huyo amesoma shauri la Holme na Brunskill la mwaka 1878. Mle mpangaji wa shamba la kondoo alirudisha sehemu ya shamba na kupunguziwa kodi bila mdhamini wake kuulizwa, na mahakama ikaamua kwamba mdhamini amefunguliwa, kwani mkataba alioudhamini haukuwa tena ule ule. Hati nyingi za dhamana za siku hizi huwa na kifungu cha kuizuia kinga hiyo. Yetu haikuwa nacho, maana wakati wa majadiliano mama alikifuta kimyakimya pamoja na vingine. Kwa hiyo saini zetu zilikuwa na thamani wakati ule, na tulizitumia: tulisaini mabadiliko kwa sharti kwamba kikomo cha dhamana kihesabiwe kwa kodi mpya iliyopunguzwa.

Dhamana ilikoma muda wake ulipofika. Niliomba barua ya kuthibitisha, ingawa kifungu kilijieleza, kwa sababu siku jengo likiuzwa mmiliki mpya atakagua faili, hatakuwa na kumbukumbu za kikao chetu. Tulipohuisha pango, mzee alitaka tena hati ya wakurugenzi. Dada alimpelekea hesabu za kampuni zilizokaguliwa pamoja na rekodi ya malipo ya kodi tangu mwanzo. Mkataba mpya una saini moja ya upande wetu, kwa niaba ya kampuni, na amana ile ile ya awali.