Muziki wa filamu, filamu yenyewe haipo

Siku hizi nyimbo zenye maneno nazisikiliza kidogo sana. Ninachosikiliza ni muziki wa filamu, na simaanishi zile nyimbo wanazoweka mwishoni majina yakiwa yanapita, hapana, nasema ule wa chini chini, ule mzito wenye huzuni huzuni ambao ukiwa unaangalia filamu wala hujui kama upo. Nauweka usiku, hedifoni masikioni, skrini nimezima. Mtu akiuliza unasikiliza nini nikamchomolea upande mmoja asikie anakaa kama dakika afu anauliza, sasa mbona hakuna anayeimba, mbona hakuna kinachotokea? Na kweli hakuna kinachotokea, ndo raha yake.

Ila sio kila muziki wa filamu unaweza kukaa peke yake, tusidanganyane. Mwingi unakufa ukiutoa kwenye picha. Zile za mapigano hasa, ngoma inapiga kwa sababu mtu amepigwa, fidla zinapanda kwa sababu mtu anaruka dirishani, afu kila kitu kinakata ghafla kwa sababu kamera imehamia chumba kingine. Ukisikiliza bila picha ni kama kumsikiliza mtu anayeongea na simu halafu wa upande wa pili humsikii, anashtuka, anacheka, anakasirika, we umekaa tu hujui kafanywa nini. Hizo mi huwa sizimalizi.

Sasa nikawa najiuliza, zile zinazosimama zenyewe zina nini? Na kwa muda mrefu nilikuwa na jibu langu moja ambalo nililipenda sana: zinazosimama ni zile zilizozaliwa mbali na picha. Na ushahidi ninao bana. Mtunzi Hans Zimmer alipewa na muongozaji Christopher Nolan karatasi moja tu iliyopigwa chapa, inaongelea baba na mtoto wake, basi, habari ya anga hakuambiwa wala roketi hakuambiwa. Akakaa kwenye piano akatunga kitu kidogo cha upole, Nolan akaja kukisikiliza, ndo akamwambia sasa filamu yenyewe ni ya watu wanaokwenda mbali kutafuta sayari nyingine, ndo hiyo Interstellar ya 2014. Baadaye wakaingiza kinanda cha kanisa, kile kikubwa cha mabomba, wakaenda kukirekodi Temple Church pale London, na ukisikiliza bila ile mipicha mikubwa mikubwa unasikia kitu ambacho mi kwenye filamu sikukisikia hata kidogo, yaani kinanda kinahema. Upepo unaingia kwenye mabomba kwanza, sauti ndo inafuata. Baba na mtoto bado wamo humo. Roketi ndo ilikuja kupanda baadaye.

Mtunzi Ennio Morricone naye, kwenye filamu ya Once Upon a Time in the West ya 1968, muziki ulikuwepo kabla kamera haijawashwa, na muongozaji Sergio Leone akawa anaupiga palepale wanapoigizia, kwa hiyo waigizaji ndo wanaofuata muziki badala ya muziki kuwafuata wao. Na mtunzi Hildur Guðnadóttir kwenye Joker ya 2019, yeye alisoma skripti tu, akakaa na selo yake, ile fidla kubwa ya kupigwa umekaa, akaanza kutunga, na ile sehemu Joaquin Phoenix anacheza taratibu peke yake chooni ilitokea kwa sababu muongozaji alimwekea ule muziki jamaa akaanza kujinyoosha. Oscar akaibeba 2020. Unaisikiliza ile selo bila filamu na hukosi kitu, maana wakati inatungwa filamu yenyewe haikuwepo.

Basi nilikuwa nimetulia kabisa na nadharia yangu hiyo mpaka Miles Davis, mpiga tarumbeta wa jazi, akaja kuivuruga.

Desemba 1957, Paris. Muongozaji Louis Malle, kijana bado, ana filamu yake Ascenseur pour l'échafaud, anamwomba Miles ampigie muziki. Wakaingia studio usiku, Miles na Wafaransa watatu pamoja na Kenny Clarke kwenye ngoma, vipande vya filamu vinarudiwa rudiwa kwenye skrini na wao wanaangalia huku wanapiga. Muziki kamili ulioandikwa hakuna, Miles alikuja na vijisehemu vichache tu alivyokuwa ameviandaa, kilichobaki wakakitafuta hapohapo. Kwa hiyo ule muziki umezaliwa machoni pa picha kabisa, huwezi kuwa karibu zaidi ya hapo, na bado ukiniambia nichague mmoja tu wa kusikiliza bila filamu maisha yangu yote nachagua huo sijiulizi mara mbili. Tarumbeta inaingia peke yake, noti inashikwa pale juu afu inaachwa ianguke polepole bila kuitetemesha, besi inatembea chini yake kwa hatua za mtu asiye na haraka. Unasikia na mdomo wake, kile kipumzi kidogo mwanzoni kabla noti haijasimama sawasawa. Hicho kipumzi kwenye filamu kinapotelea kwenye magari na mvua.

Kwa hiyo umbali na picha sio jibu, au sio jibu lote. Nadhani kinachowaunganisha wote hawa ni kwamba hakuna aliyewaambia ingia sekunde hii toka sekunde ile. Maana kazi hii kwa kawaida ndivyo inavyokwenda, mtunzi anakaa na muongozaji wanapita filamu nzima, hapa muziki uingie, hapa utoke, hapa mlango unafungwa kwa hiyo ngoma ipige na mlango, afu mtunzi anaenda kushona muziki wa kuenea humo. Na mara nyingi anakuta kuna muziki wa mtu mwingine umeshawekwa kwa muda ili waweze kuhariri, na muongozaji ameusikia miezi na miezi mpaka ameuzoea, sasa anataka kama ule ule ila usiwe ule. Hapo mtunzi afanyeje, anaiga nusu, ndo maana filamu nyingi unazisikia unasema hii si nimeshaisikia wapi.

Aliyeonja hili kwa uchungu kuliko wote ni mtunzi Alex North. Muongozaji Stanley Kubrick alimwita atunge muziki wa 2001: A Space Odyssey, akatunga, wakarekodi na okestra, kumbe Kubrick moyo wake ulishabaki kwenye zile kazi za okestra na walizi, ule muziki wa kucheza kwa kuzunguka, alizokuwa ameweka kwa ajili ya kuhariri. North akaenda kuiangalia filamu ilipoonyeshwa 1968, akakaa kwenye kiti akisubiri muziki wake, hakuna hata noti moja. Jerry Goldsmith, rafiki yake, aliusimamia ukarekodiwa upya 1993, North mwenyewe ameshafariki. Huo ndo muziki wa filamu usio na filamu kikwelikweli, mwingine wote tunaoutoa kwenye picha una pa kurudi, huu hauna.

Na Bernard Herrmann je? Huyu ndo ananimaliza kabisa, maana yeye alikuwa fundi wa zamani, wa kupima na kushona, na kazi zake zinasimama zote. Kwenye Psycho ya 1960 alitumia jamii ya fidla tu, hakuna ngoma, hakuna tarumbeta. Watu wote wanaijua ile ya bafuni, mwanamke anapouawa, ile fidla zinapiga kelele, na Hitchcock, muongozaji, mwanzoni hakutaka muziki wowote pale, Herrmann akautunga hivyohivyo na mzee aliposikia akakubali. Ila mi ile ya bafuni siku hizi hainishtui, imeshakuwa mzaha, kila mtu anaifanya akishika kisu cha jikoni. Inayonitisha ni ile ya kuendesha gari. Mwanamke yuko kwenye gari anaendesha, hakuna kingine kinachotokea, na fidla zinarudia rudia vijisauti vifupi kama zimekwama mahali. Zima picha usikilize hiyo peke yake na utaona unaanza kuangalia nyuma.

Ya mwisho ya Herrmann ilikuwa Taxi Driver. Alimaliza kuirekodi tarehe 23 Desemba 1975, usiku huohuo akalala hakuamka, filamu ikatoka 1976 yeye hayupo. Kuna saksafoni mle tamu mno, tamu ya kupitiliza, na chini yake vyombo vya kupuliza vinavimba na kunywea, vinavimba na kunywea. Ndani ya filamu una yule dereva wa kumwogopa. Bila filamu ile hofu haina mwenyewe, na hiyo kwangu ni mbaya zaidi.

Kuna kitu kingine nafikiri ndo kinanivuta kuliko hizi nadharia zote. Muziki wa filamu unatungwa ukijua kuna mtu ataongea juu yake. Mtunzi mzuri anaacha nafasi, anaweka vitu chini kabisa au juu kabisa, pale katikati pa sauti ya binadamu anapaacha wazi. Sasa ukiondoa maneno ile nafasi haiondoki. Inabaki wazi vilevile, na wewe uliyevaa hedifoni ndo umekalishwa humo. Nyimbo za kawaida hazifanyi hivi, nyimbo za kawaida mwimbaji yuko hapo katikati amejaa tele, wewe uko nje unamsikiliza yeye na mambo yake ya mapenzi.

Sikiliza gitaa la Ry Cooder kwenye Paris, Texas ya 1984 ya Wim Wenders utanielewa. Ni gitaa la kuteleza, kile kibomba cha kidoleni kinaburuzwa juu ya waya, na kabla noti haijafika inapokwenda unasikia ule mkwaruzo, chuma na waya, afu noti inafika, inatetemeka, inaachwa. Kimya. Kimya kirefu mpaka unataka kuangalia kama simu imezima. Afu nyingine. Alikuwa anatoka kwenye wimbo wa Blind Willie Johnson uliorekodiwa 1927, wimbo ambao hata huyo mwenyewe haimbi maneno, anaguna tu, wa usiku kumkuta mtu hana pa kulala, na huohuo ndo waliuweka kwenye zile rekodi za dhahabu walizozifunga kwenye vyombo vya anga vya Voyager mwaka 1977 wakazirusha angani. Sijui nani atausikia huko ila walichagua vizuri.

Sasa malalamiko yangu, maana ninayo. Kwanza albamu zenyewe. Ile ya Vangelis ya Blade Runner, filamu imetoka 1982, muziki wake wenyewe haukutolewa, kilichouzwa ni okestra nyingine kuupiga upya, watu wakasubiri hadi 1994. Miaka 12! Na ilipokuja wakachomeka maneno ya waigizaji katikati ya muziki. Kwa nini jamani? Uko mle ndani umetulia, ile sintesaiza yake ya Yamaha, kinanda cha umeme, inafanya ule mchezo wake, maana ile CS-80 ukikandamiza kibonyezo zaidi sauti inavimba chini ya kidole, umeshasahau kila kitu, mara mtu anaanza kuongea. Wananirudisha kwenye filamu niliyoikimbia. Wapo wanaoyapenda hayo maneno, wana haki yao, mi yananiudhi.

Pili majina ya treki. 1999 walitoa albamu ya Star Wars mpya wiki mbili hivi kabla ya filamu na treki moja imeandikwa waziwazi mwisho mtukufu wa Qui-Gon, mmoja wa wahusika wakuu. Mtu hajaingia hata sinema anajua nani anakufa. Nacheka ila ningekuwa mimi nimenunua nisingecheka.

Watu wananishauri uone filamu kwanza ndo usikilize, la sivyo unauonea muziki. Sikubaliani, au nakubali kwa zingine tu. Huo wa Miles niliusikiliza muda mrefu sana kabla ya kuona filamu, na kichwani nilishakuwa na mwanamke wangu anayetembea usiku. Nilipokuja kuiona, kumbe kweli kuna mwanamke anatembea usiku, Jeanne Moreau, anamtafuta mpenzi wake ambaye amekwama kwenye lifti baada ya kuua mtu. Filamu nzuri, sina neno. Ila muziki humo ndani ni mchache ajabu, unakuja unaondoka, na muda mwingi jamaa anahangaika na ile lifti. Nikawa nakaa nausubiri muziki kama vile filamu inanichelewesha. Na mpaka leo nikiuweka anayekuja ni yule mwanamke wangu wa zamani, wala hamtafuti mtu.

Ninaotaka sasa ni ule wa Alex North. Nitaweka 2001 bila sauti na muziki wake juu, pale vyombo vya angani vinapozunguka kwa walizi, nione kama Kubrick alikuwa na haki au alikuwa na roho mbaya tu. Kwa kusikiliza peke yake mi niko upande wa North, lakini ndo nasema, peke yake.