Jinsi nilivyowapa wahusika wangu sauti zao

Wahusika wangu wote walizungumza kama watangazaji wa taarifa ya habari. Mama muuza vitumbua alimwambia mwanawe: “Nimehuzunika kwa sababu umetumia fedha za ada ya mdogo wako.” Nani husema hivyo akiwa na hasira?

Nikaanza kusoma mazungumzo kwa sauti, majina nimeyafunika kwa kiganja. Nikishindwa kumtambua msemaji, nafuta. Kisha nikamnyima mama neno “ada”. Sasa anageuza vitumbua, hamtazami.

“Shikamoo, mama.”

“Sare ya mdogo wako iko kwenye kamba. Leo haivaliwi.”

Marahaba haikutoka, na hapo ndipo hasira yote ilipo. Kijana akainama, akasogeza kuni jikoni. Hilo sikulipanga, lilikuja lenyewe.