Kadi za Krismasi za mkono: anza na bahasha

Wengi wakitaka kutengeneza kadi huanza na mihuri ya kupigia picha, kisha karatasi za nakshi, na bahasha huikumbuka siku ya kutuma. Ndipo inapopatikana kadi nzuri isiyoingia popote. Kwa sisi tunaoishi Uingereza, bahasha rahisi kupata ni C6, sentimita 11.4 kwa 16.2, na vipimo vyote ninavyotoa hapa vinaifuata hiyo.

Kadi yenyewe ikatwe kwenye manila ya A4 yenye uzito wa gramu 250 hadi 300 kwa mita ya mraba. Ikiwa nyepesi zaidi, kadi italegea na kuanguka ikishabandikwa mapambo. Manila moja hutoa kadi mbili. Weka alama ya sentimita 14.85 kwenye upande mrefu, kata kukingama, upate vipande viwili vya 21 kwa 14.85, kisha kila kimoja ukikunje kwenye 10.5. Kuna njia nyingine ya kupata kadi mbili za ukubwa huohuo, yaani kuipasua manila kwa urefu na kukunja kwenye 14.85. Iache. Nyuzi za manila nyingi za A4 hulala sambamba na upande mrefu. Mkunjo unaofuata nyuzi hutulia, ila unaozikata hupasuka juu juu na kuacha mstari wenye chembechembe nyeupe, hasa kwenye manila iliyotiwa rangi usoni tu. Kama una shaka, pinda karatasi kidogo pande zote mbili bila kuivunja. Upande usioleta ubishi ndio unaofuata nyuzi.

Kabla ya kukunja, pitisha mfuo: rula ya chuma, na kalamu iliyokwisha wino, mara mbili kwa mkono mwepesi. Upande uliopitisha kalamu utaona bonde, nyuma yake tuta. Kunja ili tuta libaki ndani ya kadi. Macho hukushawishi ufanye kinyume, lakini nyuzi za kwenye tuta zimeshavutwa tayari, na ukiziweka nje unazivuta mara ya pili. Malizia kwa kubonyeza mkunjo kwa mgongo wa kijiko, ukiwa umetanguliza kipande cha karatasi taka juu yake. Kijiko kikigusa manila moja kwa moja huacha mng'ao usiofutika.

Karatasi ya nakshi ikatwe 9.5 kwa 13.8, ili manila ionekane nusu sentimita pande zote. Karatasi kubwa za duka, zile za sentimita 30.5 kwa 30.5, hutoa vipande sita, vitatu kwa mstari mmoja, na vyote vikiwa vimesimama wima. Hilo ni muhimu kwa nakshi zenye juu na chini, kama misonobari. Kadi ishirini, basi, zinahitaji karatasi nne, na vinabaki vinne vya akiba. Angalia pia ukubwa wa michoro. Kulungu wa sentimita nane anapendeza karatasi ikiwa nzima dukani, lakini ukishakata unabaki na pembe kwenye kadi moja na miguu kwenye nyingine. Mimi huchukua nakshi ndogo, michoro isiyozidi sentimita mbili, na mistari au vitone kwa kuchanganya.

Kuna ujanja mmoja wa kubana matumizi. Ikiwa katikati ya kadi utabandika kipande cha manila cha 7 kwa 7 chenye picha ya muhuri, sehemu ya nakshi iliyo chini yake haitaonekana kamwe. Kata dirisha la 5.5 kwa 5.5 hapo kabla ya kubandika, na ulichokitoa kitumie kupambia bahasha au ndani ya kadi.

Ubandikaji wa kipande kikubwa ufanywe kwa seloteipu ya pande mbili, mistari minne karibu na kingo. Gundi ya maji huilowesha karatasi, ikavimba, ikakauka na viputo, na kadi nzima ikajikunja. Gundi hiyo iwekee vipande vidogo tu, na kwa kidogo.

Sasa mihuri. Ile ya plastiki angavu ikitoka dukani huwa na utelezi wa kiwandani, na wino hujikusanya matone juu yake badala ya kutandaa. Ipitishie kifutio cha penseli usoni mpaka ififie kidogo. Chini ya karatasi weka kitu laini chenye usawa, kwa mfano pedi ya kipanya cha kompyuta, kwa sababu mihuri hii haina sponji yake yenyewe kama ile ya mpira. Wino gonga-gonga, usiburuze. Muhuri ushuke wima, ubonyezwe sekunde mbili tatu, uinuliwe wima. Ukiutikisa kama mhuri wa ofisini, kingo za plastiki hugusa karatasi na kuacha mistari pembeni. Picha iliyofifia katikati inatokana na mkono mwepesi au meza isiyo sawa; iliyovimba mistari ni wino mwingi.

Wino unauchagua kwa kuangalia kitakachofuata. Wino wa rangi ya maji hukauka haraka, na unafaa kama hupaki chochote juu yake. Ukitaka kupaka rangi za maji ndani ya mchoro, tumia wino usioyeyuka kwa maji, la sivyo mistari myeusi itatiririka kwenye theluji yako. Rangi za kalamu zenye spiriti nazo huyeyusha wino wa aina nyingine, kwa hiyo soma kibandiko na ujaribu pembeni kwanza. Wino mzito wa pigmenti hukaa kimiminika kwa muda, na hiyo ndiyo faida yake: unashika unga wa embosi, yaani unga unaoyeyuka kwa joto na kuacha mchoro ulioinuka.

Kadi ya baridi bila chembe za theluji nyeupe kwenye bluu iliyokolea haijakamilika, na hapa ndipo wengi wanapovunjika moyo. Wino mweupe ukipigwa kwenye manila nyeusi au ya bluu hunywewa na kukauka ukiwa kijivu. Tiba yake ni unga mweupe wa embosi. Kwanza futa manila kwa poda ya mtoto au unga wa mahindi kidogo, kwani mafuta ya vidole na umeme tuli hunasa unga mahali usipoutaka. Piga muhuri kwa wino angavu wa kunata, mwagia unga, kung'uta, rudisha uliobaki kwenye kopo, na chembe zilizopotea ziondoe kwa brashi kavu. Kisha joto. Draya ya nywele haifai, maana hupeperusha unga kabla ya kuuyeyusha. Inahitajika hita ya kazi hii, ambayo hupuliza kidogo na kuchoma sana. Iwashe ipate moto kwanza, ndipo uielekeze, ikiwa sentimita chache kutoka kwenye karatasi. Unga hubadilika ghafla kutoka mchanga kuwa rangi inayong'aa. Papo hapo songa mbele. Ukizidisha, unazama ndani ya karatasi na kuacha doa la mafuta. Kazi hii imalizike kabla ya kubandika chochote, kwa sababu joto huachisha seloteipu.

Kuhusu maneno: mihuri ya salamu inayouzwa hapa ni ya Kiingereza, hivyo kwa "Heri ya Krismasi" nunua seti ya herufi. Zipange kwenye kibao angavu cha kushikia mihuri, kuanzia herufi ya katikati kwenda pembeni, na usizipe nafasi sawa kwa rula. I ni nyembamba na M ni pana, hivyo nafasi ipimwe kwa jicho. Nyuso za herufi zikikutazama, neno lisomeke kinyumenyume kwenye kibao; kisha lijaribu kwenye karatasi taka.

Unene nao una bei. Barua ya kawaida ya Royal Mail haitakiwi kuzidi milimita 5. Sponji ya kuinulia picha ikiwa na milimita 2, ukijumlisha manila iliyokunjwa, nakshi na bahasha, unakaa karibu 4, kwa hiyo tabaka moja la sponji ni salama na mawili si salama. Ukizidi, kadi inahesabiwa barua kubwa, na stempu ikipungua ni mpokeaji anayedaiwa. Kokoto za kung'aa na vifungo ziache kwa kadi za kukabidhi mkononi. Za kwenda Dar es Salaam au Mombasa zitume mapema kuliko za hapa, na namba ya S.L.P. iandike kwa herufi kubwa.

Kwa kadi ya manila ya giza, kata karatasi nyeupe ya 9.5 kwa 13.8 kwa ajili ya ndani, uandike ujumbe wako kwanza, ndipo uibandike. Ukikosea jina la shangazi, umepoteza karatasi moja tu.